Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

Kigari kilitoka kwenye kasha la shangazi, nyumba ya Mkunazini, kimeviringishwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu. Volkswagen nyekundu yenye mgongo wa kobe, urefu wake kama sentimita 9, rangi imebanduka kwenye pembe zote. Tairi moja ya nyuma haipo. Magurudumu ya mbele yameganda, hayaendi wala hayarudi. Juu ya paa kimebaki kishina tu cha kitu kilichovunjika zamani.

"Kitengeneze kiwe kipya kama siku ile," shangazi akasema. "Babu yako alimnunulia baba yako Mnazi Mmoja, siku kuu ya mwisho kabla ya Mapinduzi."

Agizo na historia, kwa pumzi moja. Nikaitikia yote mawili, maana kwa shangazi mtu huitikia kwanza, akafikiri akishafika kwake. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimeshajua kwamba historia ile haiwezi kuwa sahihi, na kwamba agizo lile ningelitii kigari kingeharibika. Nimeandika haya kwa sababu kila mwaka husikia mtu kapata kigari cha zamani kwenye kasha la mzee wake, na jambo la kwanza analouliza ni rangi gani anunue. Rangi ndiyo kazi ya mwisho. Mara nyingi haifikiwi kabisa, na ni kheri.

Kipindue kwanza

Kigari cha zamani husomwa tumboni. Vile nilivyowahi kuvishika mimi hapa Unguja karibu vyote ni vya Uingereza, na viwanda vya kuvikumbuka ni vitatu. Dinky Toys zilitengenezwa na Meccano, kampuni ya Frank Hornby, katika kiwanda cha Binns Road mjini Liverpool. Jina la Dinky lilianza kutumika mwaka 1934, na kiwanda kikafungwa Novemba 1979. Matchbox zilitoka kwa Lesney wa London kuanzia 1953, vigari vidogo vinavyoingia kwenye kisanduku cha mfano wa kibiriti, na jina likatoka hapo. Corgi Toys zikaja mwaka 1956, zikitengenezwa na Mettoy huko Swansea, Wales. Corgi waliingia sokoni na jambo moja ambalo Dinky hawakuwa nalo wakati huo: vioo vya plastiki madirishani. Jina lenyewe ni la mbwa mfupi wa Wales, wale wale aliokuwa akiwafuga Malkia Elizabeth.

Sasa angalia maandishi ya chini. Dinky na Matchbox za Uingereza zimeandikwa "Made in England". Corgi zimeandikwa "Made in Gt. Britain", kwa kuwa Swansea haiko England. Mtu wa Wales humwambii yuko England, kama ambavyo Mpemba humwambii yuko Unguja. Tofauti hii ndogo imewahi kuniokoa pale herufi nyingine zote zilipokuwa zimekwisha kwa kutu.

Kigari cha shangazi kilisomeka vizuri baada ya kusuguliwa kwa brashi laini ya meno: Corgi Toys, Volkswagen 1200, Made in Gt. Britain. Mwaka haukuandikwa. Wenye viwanda hivi hawakuwa na desturi ya kuandika mwaka, na hapo ndipo upelelezi unapoanza.

Kila kiwanda kina saa yake. Dinky zilikuwa na namba zenye herufi hadi mwaka 1954, kisha zikabadilishwa kuwa tarakimu tatu: Austin A40 Devon iliyokuwa 40d ikawa 152. Matchbox husomwa kwa magurudumu. Ya mwanzo kabisa ni ya chuma, yakafuata ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi, na mwaka 1969 yakaingia yale membamba yanayoteleza kwa kasi, Lesney wakijibu vishindo vya Hot Wheels za Marekani zilizotoka mwaka mmoja kabla. Corgi nao ni vivyo hivyo: vigari vya miaka ya 1950 na 1960 vina tairi za mpira juu ya rimu za chuma, na kuanzia mwaka 1970 hivi vikaanza kuvishwa magurudumu magumu ya plastiki. Ukikuta Corgi yenye magurudumu hayo, halafu ukaambiwa ilinunuliwa enzi za Mfalme, mtu kachanganya mambo.

Cha shangazi kina mpira na rimu. Basi ni kabla ya 1970. Lakini kabla ya 1964?

Niseme kidogo kuhusu vipimo, maana wengi huvichukulia kama sheria. Wakusanyaji husema 1:43, yaani kigari ni sehemu moja ya 43 ya urefu wa gari la kweli, kana kwamba ni neno la Msahafu. Asili yake ni treni za kuchezea za Uingereza, ambamo futi moja ya kweli ilifanywa milimita 7. Gawanya milimita 304.8 kwa 7, unapata 43 na ushei. Vigari vilitengenezwa vikae kando ya treni hizo. Corgi hawakujibana sana. Volkswagen ya kweli ya aina hii ina urefu wa kama mita 4.07, na ukiugawa kwa sentimita 9 za kigari hiki unapata 45. Basi, yatosha.

Safari ambayo haikuvuka bahari

Corgi walitengeneza Volkswagen 1200 katika sura zaidi ya moja, na moja inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Ni namba 256: Beetle nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, yenye maandishi ya East African Safari na namba ya mashindano 18, gurudumu la akiba juu ya paa, na ndani ya kisanduku chake kifaru wa plastiki. Gurudumu lile la paani halikuwa pambo. Ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanageuka kushoto na kulia. Kwa mtoto wa wakati ule, huo ulikuwa uchawi mtupu.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen iliyapenda yale matope. Ilishinda katika miaka ile ya mwanzo, na ikashinda tena 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Mwaka 1963 mvua ilikuwa ya kutisha hivi kwamba yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, akashinda kwa Volvo. Mashindano hayakuvuka bahari kuja Unguja, ila sifa zake zilivuka.

Na Corgi namba 256 ilianza kuuzwa mwaka huo huo, 1965, ikaendelea hadi 1968.

Sasa rudi kwa shangazi. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo siku kuu ya mwisho kabla ya Mapinduzi ilikuwa Idi Kubwa, mwanzoni mwa Mei 1963. Kigari kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1965 hakiwezi kununuliwa Mnazi Mmoja Mei 1963, hata babu angekuwa na bahati ya aina gani.

Kuna njia mbili za kutokea hapo. Ama kumbukumbu imeteleza, ama kigari si namba 256. Njia ya pili si ya kupuuzwa. Kalibu ile ile ya Volkswagen ilitumika muda mfupi baadaye kutengenezea gari ya polisi, kijani na nyeupe, yenye taa ya buluu juu ya paa, na kishina kilichobaki kwenye paa la kigari chetu kingeweza kuwa cha taa au cha gurudumu la akiba. Miaka ya 1970 kalibu hiyo ikatoa nyingine tena. Kwa upande mwingine, kuna watu wazima wenye akili zao wanaopaka rangi nyekundu juu ya gari ya polisi ili waiuze kama ya Safari, kwa kuwa ya Safari hutafutwa zaidi. Mtoto mwenye kopo la rangi iliyobaki ya mlango naye huweza kufanya hivyo bila nia yoyote mbaya.

Ribiti hazisemi uongo

Ushahidi wa kwanza ni ribiti. Kiwandani bodi ilipakwa rangi kwanza, ikaokwa kwenye tanuri rangi ikagandamana, ndipo vioo, viti na sakafu vikaingizwa. Vile vijiti vinavyotoka kwenye bodi na kupenya sakafu vikagongwa vichwa vikatanuka, mambo yakaisha. Kwa hiyo vichwa vya ribiti vya kigari halisi huwa wazi, chuma kitupu, wala rangi haijavifunika. Ukikuta rangi imepita juu ya ribiti, kigari kimepakwa kikiwa kimefungwa, na aliyekipaka hakuwa kiwanda. Ukikuta ribiti zimetobolewa katikati au pana skrubu mahali pake, kimeshafunguliwa. Vya shangazi vilikuwa viwili, vimechakaa, vya kijivu, havijaguswa.

Ushahidi wa pili ni tabaka. Kwa lenzi ya kutengenezea saa nilikagua kila mahali rangi ilipobanduka. Rangi iliyopakwa juu ya nyingine huacha ngazi, kama ukuta wa Mji Mkongwe unaposhuka kutoka buluu ya mwaka huu hadi kijani cha miaka ya nyuma hadi chokaa. Hapa nyekundu ilishuka moja kwa moja hadi kwenye chuma. Nikalowesha ncha ya pamba kwa thina kidogo na kuigusisha ndani ya bodi, mahali pasipoonekana. Rangi ya kopo ya kawaida huachia pale pale na pamba ikatoka nyekundu. Iliyookwa hukaza. Pamba yangu ilitoka na uchafu tu.

La tatu lilikuja kwa bahati. Umeme ulikatika magharibi, nikawasha tochi ya simu na kuiweka mezani bila kuielekeza popote. Mwanga ukakipiga kigari kutoka pembeni, chini kabisa. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa wiki tatu za mchana: sehemu ya rangi iliyokolea kuliko jirani yake, mstari mmoja ulionyooka na kando yake kitu cha mviringo juu ya mviringo. Chapa ya namba iliyobandikwa kiwandani ilikuwa imeondoka zamani, lakini kwa miaka ilikuwa imeikinga rangi ya chini yake na jua. Moja na nane.

Tangu siku hiyo kila kigari kinachoniingia mikononi hukitazama gizani kwanza.

Ndimu si ya kila chuma

Kabla ya kukisafisha lazima ujue ni chuma gani, na hapa nina dhambi yangu ya kuungama. Miaka kadhaa nyuma niliokota kwenye meza ya vikorokoro pale Darajani Land Rover ya kijani ya Matchbox, namba 12. Ilikuwa chafu, na mahali rangi ilipotoka palikuwa na unga mweupe. Nikafanya kile ambacho kila aliyelelewa mjini hufundishwa kuhusu birika la kahawa: ndimu na chumvi. Nikaitia ndani ya bakuli, nikalala. Asubuhi maji yalikuwa ya kijivu. Bodi imepauka, ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na yale maandishi ya chini ambayo nilitaka kuyasoma hayakuwepo tena.

Birika ni shaba. Tindikali hafifu ya ndimu au ukwaju huondoa ule weusi wa juu, ikifika kwenye shaba yenyewe haifui dafu. Vigari hivi si shaba, wala si chuma cha kawaida. Ni mchanganyiko ambao karibu wote ni zinki, ukiwa na alumini kama asilimia 4, na magnesi na shaba kidogo sana. Waingereza huuita Mazak, wengine Zamak. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 380 na ushei, ambao ni moto mdogo kwa mambo ya vyuma, na ndiyo maana uliweza kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ukatoa kitasa cha mlango kilicho chembamba kuliko punje ya mchele. Zinki huliwa na tindikali, ikitoa mapovu. Na huliwa vilevile na kinyume cha tindikali, kwa hiyo kostiki wanayotumia watengeneza sabuni, ambayo wengine huisifu kwa kuondolea rangi, nayo ina meno. Usiku mmoja unatosha kwa yote mawili.

Kuna ugonjwa mwingine wa zinki ambao hauna dawa. Ikiwa wakati wa kuyeyusha kiliingia kiasi kidogo mno cha risasi (viwango vya leo haviruhusu zaidi ya 0.005 kwa mia), unyevu hupenya taratibu katikati ya punje za chuma, kikavimba kutoka ndani. Kigari hurefuka. Sakafu inapinda, bodi inachanika nyufa kama tope la bonde la mpunga jua linapowaka, mwishowe kinamomonyoka mkononi kama biskuti. Walioathirika zaidi ni Dinky za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Joto na unyevu huharakisha, na sisi tumejaliwa vyote viwili. Ukikuta ufa, ukague kwa lenzi: ukiishia kwenye rangi, una bahati. Ukiingia kwenye chuma, kipige picha, kipime, kihifadhi mahali pakavu, usijaribu kukitibu. Corgi ya miaka ya 1960 haitarajiwi kuwa na maradhi haya, na yetu haikuwa nayo. Ule unga mweupe niliouona kwenye Land Rover haukuwa ugonjwa wowote. Ilikuwa kutu ya kawaida ya zinki, zawadi ya hewa ya chumvi.

Chokaa na saruji

Kipakwe au kisipakwe? Wakusanyaji wana msimamo ambao mwanzoni huonekana wa ajabu: kigari kilichochubuka chenye rangi yake ya kiwandani wanakithamini kuliko kinachong'aa kwa rangi mpya. Rangi ya asili ikishatoka hairudi. Kila mchubuko uliomo ni wa mtoto fulani, na ukipakwa juu hakuna atakayeweza tena kuona nilichokiona mimi kwa tochi.

Wakaazi wa Mji Mkongwe hawahitaji kuelezwa sana. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Mtu akija na saruji, ukuta unapendeza mwaka mmoja, halafu unyevu ulionaswa ndani unaanza kuusukuma nje vipande vipande. Fundi mwenye busara huziba pale palipovunjika tu, kwa kitu ambacho fundi wa baadaye anaweza kukiondoa. Kwenye kigari ni vivyo hivyo: fanya kidogo, na ulichofanya kiweze kutenguliwa.

Kwa hiyo sikukipaka. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea, nikakikausha papo hapo mbele ya feni, maana ekseli ni chuma cha kawaida na maji yakibaki ndani kutu inaanza upya. Magurudumu ya mbele yaliyoganda niliyatia mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, tone moja kila upande, nikayaacha siku mbili, nikarudia. Siku ya tano moja likasogea upana wa unywele. Usilazimishe hapo. Ekseli ikipinda umejitafutia kazi nyingine. Na mafuta yasiguse tairi: mpira hunyonya mafuta, ukavimba na kulainika. Tairi iliyokosekana niliagiza Uingereza, ambako wapo watu wanaotengeneza upya tairi, chapa, hata visanduku. Naona si dhambi, mradi usimwambie mnunuzi ni ya asili. Niliyoivisha ni nyeusi zaidi ya wenzake na nimeiacha hivyo hivyo.

Vioo vilikuwa na ukungu ambao haukutoka. Hapo nilishuku kasha lenyewe. Shangazi, kama mama wa nyumba yeyote, hutia naftalini kwenye nguo, na mvuke wa naftalini hulainisha baadhi ya plastiki. Mbao nazo, zikifungiwa, hutoa mvuke wa tindikali kidogo kidogo kwa miaka, usiofaa kwa zinki. Kasha la njumu ni zuri kwa kanga na hati za nyumba. Kigari kikae kwenye kisanduku chenye hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo watu wote tunavitupa.

Ikiwa hakuna la kuokoa

Vipo vigari ambavyo havina rangi tena ya kuhifadhi, au vimeshapakwa na mtu mwingine vibaya. Hivyo vipake kwa amani, kama nilivyoipaka ile Land Rover yangu masikini.

Piga picha kila upande. Toboa kichwa cha ribiti kwa drili ya mkono, taratibu, unene wa kichwa tu. Ukizama zaidi huna tena pa kushikizia skrubu wakati wa kufunga. Toa vioo na viti kabla ya dawa yoyote ya kuondolea rangi, kwa kuwa dawa nyingi hizo huyeyusha plastiki. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hivyo msasa uwe wa maji, na watoto wawe mbali. Praima nyembamba, kisha rangi nyembamba mara tatu au nne. Nilimpelekea fundi mmoja wa gereji akanipulizia kwa bunduki ya kupakia magari ya kweli, na kwa pigo moja mistari yote ya milango ikazama. Alinirudishia kitu kama peremende iliyolambwa. Sikumlaumu, nilikuwa nimempa kazi isiyo yake.

Na tazama hali ya hewa. Thina ikiruka huondoka na joto, uso wa kigari hupoa ghafla, na hewa ikiwa imejaa maji, unyevu hutua juu ya rangi mbichi ikatoka na weupe kama ukungu wa kioo. Masika usijaribu. Mimi hungoja kusi, Julai au Agosti, saa nane mchana, ndani ya chumba kilichofungwa ili upepo usiniletee mchanga. Ukimaliza, andika ndani ya sakafu kwa kalamu ya sindano kwamba kimepakwa upya, na mwaka. Mjukuu wako ataona ribiti zimetobolewa na kujua. Lakini atakushukuru kwa kumwambia.

Mnyama wa kisimani

Lilibaki suala la Mnazi Mmoja. Kumwuliza mzee kuhusu jambo la miaka sitini iliyopita kuna adabu zake, na kuna hatari zake: ukimtajia jibu, atakurudishia hilo hilo kwa nia njema. Kwa hivyo sikusema Safari, sikusema 1965, wala sikusema kifaru. Nilikwenda Mkunazini baada ya laasiri, nikangoja mpaka kahawa ya pili.

"Shangazi, kigari kile kilikuja peke yake?"

"Peke yake vipi?"

"Sijui. Pengine kilikuwa na kitu kingine."

Akapepea kwa ukawa kwa muda. "Kulikuwa na ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe ana pembe puani. Baba yako akilala naye kitandani. Ndipo siku moja wakagombana na kaka yangu mkubwa, yule akamchukua akamtia kisimani. Baba yako alilia mpaka akapandisha homa."

Nilikaa kimya. Yeye akaendelea mwenyewe, sasa akiwa ameshauona uzi.

"Lakini ng'ombe hakutoka Mnazi Mmoja. Cha Mnazi Mmoja kilikuwa cha bati, kikaliwa na kutu. Huyu wa ng'ombe aliletwa na ami yako wa Mombasa, alipokuja kwa arusi. Mimi nilikuwa nimeingia darasa la pili skuli."

Nikahesabu vidole chini ya meza. Darasa la pili la shangazi ni 1967. Vigari viwili vilikuwa vimekaa ndani ya kumbukumbu moja, na kile kilichosalia kikarithi siku kuu ya kile kilichokufa.

Kisima cha uani bado kipo, kimefunikwa kwa zege tangu mabomba yalipoingia. Vifaru vipya vya plastiki vinauzwa Uingereza, nami sijaagiza.

Nilipomrudishia kigari alikigeuza geuza karibu na macho.

"Mbona hujakipaka rangi?"

Nikaanza kueleza habari za ribiti na chapa. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameweka ncha ya kidole juu ya kile kishina cha paani, akakizungusha polepole, na magurudumu ya mbele yakageuka.